Kaburi la Namba Thelathini na Sita

Nchi ya Sawia ipo, ila msijisumbue kuitafuta kwenye ramani, maana ramani za kule huchorwa wizarani na kila mwaka hupunguzwa kidogo. Ni nchi ya watu wapole, mvua za kutosha na serikali inayopenda mambo yawe sawa. Mimi sina ugomvi na serikali ile. Nasimulia tu habari ya Bi. Sikudhani, karani wa Ofisi ya Namba katika Hospitali Kuu, na faili lililomwandama, na nasimulia kwa nia njema kabisa.

Kwanza mjue kazi ya ofisi hiyo. Sawia hawatibu ugonjwa, wanatibu namba. Daktari au mkunga huandika alichokiona, karatasi huenda kwa karani, karani huisoma, huchagua muhuri wenye namba inayolingana na maelezo, hugonga, na namba ndiyo inayofungua mlango. Namba Kumi na Moja humpeleka mtu kwenye dawa za malaria. Namba Sabini humpeleka kufungwa plasta. Namba Thelathini na Sita, Mtoto Mkubwa Tumboni, ilimpeleka mama mjamzito kwenye chumba cha upasuaji kabla ya uchungu kumshika, ili mtoto asije akakwama mabega njiani. Bila namba, bawabu wa chumba kile hafungui, hata mama awe anatambaa. Na bawabu si mtu mbaya. Ni vile tu hakufundishwa kusoma kitu kingine.

Sikudhani alikuwa mjane wa makamo, mnene wa kiasi, mpenda pilau, na karani hodari kuliko wote. Mbele yake palikuwa na ubao wa misumari wenye mihuri mia moja na nne, na aliweza kuchukua wowote huku amefumba macho. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba namba iliyogongwa vizuri ni nusu ya dawa. Fahari yake ilikuwa moja: kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kurudishiwa faili hata moja.

*

Sasa ikawa Waziri wa Afya, Mheshimiwa Dakta Mfaume Tambarare, kasafiri kwenda kwenye mkutano wa mataifa. Huko kukaonyeshwa jedwali ukutani, na katika jedwali lile Sawia ilikuwa ya kwanza duniani kwa watoto wakubwa tumboni. Mheshimiwa akasimama, akainama kulia na kushoto, akashukuru. Mtaalamu mmoja mama wa watu akamvuta koti, akamnong'oneza kwamba watoto wakizidi ukubwa namna ile, maana yake kina mama wana sukari kwenye damu na hakuna anayewapima. Mheshimiwa akakaa. Wanasema hakufungua kinywa tena mpaka ndege ilipotua nyumbani.

Wataalamu wake walimweleza kuwa dawa ni nyepesi: kila kliniki ipelekewe vipimo vya sukari. Mheshimiwa aliwasikiliza kwa subira, kisha akauliza kama hakuna dawa nyepesi zaidi ya hiyo. Ikapatikana.

Redio ikatangaza kwamba kuanzia Jumatatu Namba Thelathini na Sita imefutwa, kwa sababu Sawia haina tena watoto wakubwa tumboni. Tumbo likizidi kipimo, kosa ni la aliyepima. Karani agonge Namba Tisini na Moja, Kosa la Kipimo, na mama arudi nyumbani akasubiri uchungu kama wenzake. Na ili wakunga wasipate tabu ya kukosea, wizara ilileta futi mpya za kupimia matumbo. Zilikuwa nzuri, zina rangi za bendera, ila sentimita zake zilikuwa pana kidogo. Tumbo lililosoma arobaini na nne kwenye futi ya zamani lilisoma thelathini na nane kwenye futi mpya, na mama akapongezwa.

Futi za zamani zilikusanywa kwenye pipa zikachomwa moto. Nyamizi peke yake, mkunga mkuu wa kliniki ya wajawazito, mwanamke mrefu asiyependa kucheka ovyo, alisema yake imepotea. Aliandikiwa barua ya onyo. Akaikunja barua, akaitumia kuzuia dirisha lisipige kelele.

*

Jumatano ya wiki ile karatasi ya Tausi ikafika mezani kwa Sikudhani. Tausi alikuwa mshona mikeka, mimba ya kwanza, mume wake akiitwa Chande. Nyamizi alikuwa ameandika kwa mkono mzito: kimo cha tumbo sentimita arobaini na nne, mtoto mkubwa mno, mama ana kiu isiyokatika, sisimizi wanajaa chooni kwake akishatoka. Kwa kukosa vipimo vya sukari, sisimizi ndio waliokuwa maabara ya Nyamizi.

Mkono wa Sikudhani ulikwenda wenyewe kwenye msumari wa thelathini na sita. Ukakuta msumari mtupu.

Alikaa na mkono hewani kwa muda. Alijua Nyamizi hakosei. Alijua pia kwamba waraka ni waraka. Akachukua Tisini na Moja, akagonga vizuri sana, wino haukuenda upande, na akasema moyoni kwamba ukubwa wa mtoto wa watu yeye hakuupanga.

Ijumaa ikawa siku ya maziko. Msishtuke, namaanisha maziko ya muhuri. Mheshimiwa alisema namba iliyotumikia taifa haitupwi jalalani kama ganda la muwa. Muhuri wa thelathini na sita ulivikwa hariri, ukalazwa kwenye jeneza dogo la mninga, ukabebwa na maafisa sita, bendi ya polisi mbele, hadi kwenye bustani ya hospitali palipochimbwa kaburi la kina kamili, maana mchimbaji hakuambiwa marehemu ana urefu gani.

"Ndugu wananchi!" akasema Mheshimiwa. "Wako watu huko nje waliotaka kutuambia kwamba watoto wetu wamezidi. Wamezidi nini? Wamemzidi nani? Leo tunalizika, kwa urefu, kwa mapana na kwa marefu, wazo la kwamba Msawia anaweza kuwa mkubwa kuliko alivyopangiwa! Kisichoandikwa..."

"Hakiumi!" wakaitikia watu, kwani harufu ya pilau ilikuwa imeshafika.

Wakati bendi inapiga, Tausi alikuwa wodini. Uchungu ulimshika alfajiri. Nyamizi alikimbia mara tatu kwenye mlango wa chumba cha upasuaji na karatasi mkononi, na mara tatu bawabu aliisoma kwa makini akasema, "Tisini na Moja, mkunga. Tisini na Moja haingii hapa." Kichwa cha mtoto kilitoka, mabega yakakwama. Yalipotoka, mtoto alikuwa kimya. Alikuwa mvulana, mzuri, mashavu tele. Nyamizi alimweka kwenye mizani, kwa sababu hakuna mtu anayestahili kuondoka duniani bila hata kupimwa. Kilo tano na gramu mia mbili.

Akaenda Ofisi ya Namba kuomba kibali cha maziko. Bwana Machupa, mkuu wa ofisi, alikuwa anavaa koti aende bustanini. Sikudhani alikuwa kwenye meza yake, anafunga droo.

"Kibali kinahitaji namba," akasema Bwana Machupa. "Huyu ana namba gani?"

"Karatasi yake hii hapa. Mmegonga wenyewe."

Bwana Machupa akatazama, akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli. "Hapa imeandikwa Kosa la Kipimo. Kosa la kipimo halizikwi, dada yangu. Linasahihishwa."

 Nyamizi akamgeukia Sikudhani. "Siku, shoga yangu, wewe ulisoma nilichoandika. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sema neno."

Sikudhani aliutazama msumari mtupu. Akachukua mkoba wake, akaenda bustanini, akapanga foleni, na akala sahani mbili za pilau. Ya pili aliila ili asiwe na nafasi ya kufikiri.

Mkunga na Chande wakaonekana wakishuka ngazi na furushi la shuka la wodi. Hakuna aliyeuliza wanakwenda wapi. Watu wote walikuwa kwenye masufuria.

*

Jumatatu faili la Tausi lilikuwa juu ya meza ya Sikudhani.

Alidhani tarishi kakosea. Akalipeleka masijala mwenyewe. Jumanne lilikuwepo tena. Jumatano alilifungia kabatini na ufunguo akautia kifuani. Alhamisi lilikuwa mezani, katikati, limenyooka, kama linasubiri kuhudumiwa. Sikudhani asiyewahi kurudishiwa faili sasa alirudishiwa moja kila siku ya kazi.

Lilikuwa na karatasi tatu tu ndani, lakini kila alipolinyanyua liliuelemea mkono. Mtunza masijala alilikataa waziwazi. "Mama, rafu yangu imepinda. Weka lako huko huko." Siku moja mchana, wenzake walipokwenda kula, alilibeba hadi wodi ya wazazi kama anakwenda kuuliza jambo, akaliweka kwenye mizani ya watoto wachanga. Mshale ukatetemeka, ukatulia. Kilo tano na gramu mia mbili.

 Alilichukua tena, na aliporudi ukumbini akagundua kwamba amelishika kwa mikono miwili, kichwa cha faili kwenye kiwiko, kama mtu mwenye mtoto. Tena lilikuwa na joto. Alirudi nalo mezani, na tangu siku hiyo aliogopa kuliweka sakafuni.

Basi wakaishi hivyo, yeye na faili. Asubuhi alilisogeza upande wa kushoto lisipigwe na jua la dirishani. Akigonga mihuri kwa nguvu, alijikuta anapunguza, lisishtuke. Pilau hakuigusa tena. Bwana Machupa aliona karani wake anakonda na anasema peke yake, akamwandikia barua ya pongezi kwa kujitoa kazini.

Na ofisi nzima ikanawiri. Namba Tisini na Moja iligongwa mpaka mpira wake ukalika, ukaletwa mwingine. Kwenye mkutano wa mataifa wa mwaka uliofuata Sawia ilikuwa ya mwisho katika jedwali, na safari hii Mheshimiwa alishukuru mahali panapostahili. Kaburi la bustanini likajengewa ukingo wa matofali, likapandwa maua, likawekewa jiwe: HAPA IMELALA NAMBA 36. ILITUMIKIA. IMEPUMZISHWA. Kila mwaka, tarehe ile, Mheshimiwa alikuja kuweka shada.

*

Mwaka wa pili, siku mbili kabla ya kumbukumbu, mlango wa Ofisi ya Namba ukafunguliwa, akaingia Tausi. Tumbo lilitangulia, yeye akafuata. Nyuma yake alikuwa Nyamizi na karatasi.

"Hodi, dada," akasema Tausi. "Mimi ni mama wa faili hilo."

Sikudhani alikuwa amelipakata. Hakujua lini alilitoa mezani.

Nyamizi akaweka karatasi mpya mbele yake. Arobaini na tano. Sisimizi wamerudi. Mama alishapoteza mtoto kwa mabega. "Angekuwa na namba kwenye faili la kwanza," akasema, "nisingekuja kukusumbua. Mwenye historia ya mtoto mkubwa huingizwa upasuaji bila maneno. Lakini faili lake linasema mara ya kwanza hapakuwa na mtoto, palikuwa na kosa langu."

"Sina muhuri," akasema Sikudhani. "Mnajua uliko. Mimi nina Tisini na Moja tu."

"Dada," akasema Tausi, na hakusema kwa hasira, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. "Mimi sikuja kukugombeza. Nina wiki moja, pengine na nusu. Huyu anacheza. Yule naye alikuwa anacheza hivi hivi. Ya yule uliyagonga muhuri kwa mkono wako, na nasikia unamlea. Basi niambie huyu nimpeleke wapi."

Sikudhani akaanza kulia. Alililia faili, na mkono wake uliobaki hewani siku ile, na sahani ya pili ya pilau. Alipomaliza alifuta uso kwa upindo wa baibui, akamkabidhi Tausi lile faili. Tausi alilipokea, akainama kidogo kwa uzito wake, halafu akalibusu.

"Nishikieni," akasema Sikudhani. "Nakwenda bustanini."

*

Ilikuwa saa sita ya mchana, jua utosini. Sikudhani aliazima jembe kwa mtunza bustani, akapiga magoti kwenye kaburi la taifa, akaanza kung'oa maua. Waliopita walimpongeza. "Heko, mama! Unatayarisha kumbukumbu?" Bwana Machupa mwenyewe alipita na chai mkononi, akasema kizazi cha uzalendo huo kinakwisha, akaendelea na safari yake.

Udongo ulikuwa laini kuliko alivyotegemea. Alichimba akitafuta mbao za mninga, na kabla hajafika kwenye mbao jembe likagusa kitu kisicho mbao. Akaliweka jembe kando, akafukua kwa vidole.

Lilikuwa furushi la shuka la wodi, limeoza pembeni, dogo, limelazwa juu ya jeneza la muhuri kwa uangalifu, limeelekezwa Kibla. Lilikuwa limefungwa katikati kwa futi ya zamani, ile ya kweli, iliyosemwa imepotea. Fundo lilikuwa lake Nyamizi, lile wanalofungia vitovu.

Sikudhani hakulifungua. Hakuhitaji. Alikumbuka furushi likishuka ngazi, kaburi likiwa bado wazi, na yeye akiwa na sahani. Mwaka jana Mheshimiwa alikuwa ameweka shada hapa, bendi ilikuwa imepiga, na yeye mwenyewe alisimama dakika nzima ya ukimya, akifikiri anaomboleza mpira na mpini.

"Nisamehe, baba," akamwambia. "Sogea kidogo, nichukue cha mdogo wako."

Akalisogeza kwa mikono miwili, uzito ule ule anaoujua, akafungua jeneza la mninga, akatoa muhuri. Ulikuwa mzima, mninga hauliwi na mchwa. Akalirudisha furushi mahali pake, likielekea kulekule, akafukia, akapanda maua upya, akayamwagilia maji. Maua yale hayakufa. Yalistawi kuliko mwanzo, kwani mizizi ilikuwa imepata hewa.

Dakika kumi baadaye bawabu wa chumba cha upasuaji aliisoma karatasi. Aliisoma mara mbili. "Thelathini na Sita," akasema, na uso ukamkunjuka kama mtu aliyekutana na rafiki wa siku nyingi. "Thelathini na Sita inaingia." Akafungua mlango wote.

Mtoto alikuwa wa kike. Kilo tano kasoro gramu hamsini, na sauti iliyosikika hadi wizarani.

*

Wizara iliunda tume, maana alama ya muhuri uliozikwa ilikuwa imeonekana kwenye karatasi ya mtu aliye hai. Tume ilikaa siku tisa. Ikaona kwamba muhuri uliozikwa na Waziri hauwezi kugonga; kwamba kufukua kaburi ili kuhakikisha kungekuwa kuitukana hotuba ya Waziri; na kwamba kwa hiyo alama ile haipo. Mtoto, kwa kuwa alitokana na alama isiyokuwepo, aliandikwa kuwa wa kawaida. Hakuna aliyeadhibiwa. Sikudhani aliendelea kukaa kwenye meza yake, na muhuri ule akauweka kifuani, palipokuwa na ufunguo wa kabati. Kwa mwaka uliofuata bawabu alifungua mlango mara thelathini na moja kwa alama isiyokuwepo. Lakini kila asubuhi faili lilikuwa mezani, zito kama kawaida. Kumwokoa wa pili hakukumpunguza wa kwanza hata gramu moja.

Ikafika kumbukumbu ya mwaka wa tatu. Bendi ikapiga, maafisa wakapanga mstari, Mheshimiwa akaweka shada na kuanza kuhutubia. Katikati ya hotuba akaona mama mmoja mbele kabisa, mtoto mnene mgongoni, mume wake pembeni na mkunga mrefu nyuma yao. Mama yule alikuwa analia bila kujificha.

Mheshimiwa akaguswa. Kwa miaka yote mitatu hakuna aliyewahi kumlilia ile namba. Akashuka jukwaani, wapiga picha wakamfuata.

"Mama, unalia nini?"

"Namlilia aliyelala hapa, Mheshimiwa."

"Mnamwona!" akawaambia watu. "Mnamwona mama huyu! Kumbe bado wapo Wasawia wanaojua uzito wa jambo hili!"

"Naujua, Mheshimiwa," akasema Tausi. "Kilo tano na gramu mia mbili."

Mheshimiwa hakuelewa, lakini hakuwa waziri bure. Aliitikia kwa kichwa, kwa huzuni inayofaa, akamgeukia katibu wake. "Andika," akasema. "Andika alivyosema, neno kwa neno. Itiwe kwenye kumbukumbu za taifa."

Katibu akaandika. Akaweka tarehe, akaweka mahali, akaweka jina la mama. Nyamizi alifumba macho. Chande alimshika mkewe bega. Sikudhani, aliyesimama na makarani wenzake mstari wa tatu, alimwangalia katibu akisogeza kalamu mpaka alipoweka nukta.

Jumatatu aliwahi kazini kuliko siku zote. Mezani hapakuwa na faili. Alitafuta chini ya meza, akafungua kabati, akaenda hadi masijala, akalikuta kwenye rafu yake, jepesi, baridi, karatasi tatu. Alirudi akakaa. Mihuri ilikuwa inamsubiri, na karatasi za kina mama zilikuwa zimeshaanza kuingia, lakini alishindwa kunyanyua hata mmoja, kwa sababu mikono yake ilikuwa imejikunja mapajani yenyewe, kiwiko kimeinuka kidogo, na hapakuwa na mtu ndani yake.